Wadau wa Mtwara, tunataka kuigiza Sound of Music Desemba ila kikundi kimegawanyika, naombeni ushauri

korosho_ghafi:
Habari zenu wakuu. Sisi ni kikundi cha maigizo hapa Mtwara mjini, wengi walimu na wanakwaya, hakuna anaelipwa, mazoezi jioni Shangani kwenye ukumbi wa kuazima. Mwaka huu tumepania kutoa The Sound of Music, ile ya yule dada wa utawani anaepelekwa kulea watoto saba wa kapteni, na tunataka iwe Desemba watu wakiwa bado na hela za korosho. Sasa jamaa mmoja katuambia lazima tuombe ruhusa Marekani na tulipie, mwongozaji anasema achaneni nae nani atatuona huku Kusini, na nyimbo watu washaanza kuzishika. Tufanyeje? Na tuimbe Kiswahili au Kingereza?

Kinanda_Lindi:
Jamaa yenu yuko sahihi mkuu. Ile kitu ilianza Broadway, kule kwenye kumbi za maigizo za New York, 1959, muziki wa Richard Rodgers na huyo kafariki 1979 juzi tu hapo, haki bado ziko hai na wanaozisimamia ni Concord Theatricals. Unawaandikia, wanataka kujua ukumbi unaingiza watu wangapi, kiingilio bei gani, mtaonyesha mara ngapi, ndo wanakupa bei. Kutafsiri nako kunaombewa ruhusa yake. Halafu hiyo ya nani atatuona sijui mwongozaji wenu anaishi mwaka gani, mtu akirusha klipu moja tu mshaonekana.

MamaTwins:
Mimi nauliza hao watoto saba usiku wanarudishwa na nani? Wangu simtoi Shangani mpaka Naliendele kwa bodaboda saa tatu usiku, hata awe na sauti ya malaika.

Bahari_Mikindani:
Achaneni na masista, chukueni The Pirates of Penzance ya Gilbert na Sullivan. Ni ya 1879, mmoja kafa 1900 mwingine 1911, hakuna wa kumlipa hata senti, nota zipo bure IMSLP, ile tovuti ya nota, unaprinti tu. Na ni mchezo wa pwani kabisa, maharamia wana huruma hawamgusi yatima, habari zimesambaa sasa kila meli wanayovamia watu wote mayatima 😂 wanarudi mikono mitupu. Kuna kijana wao kafungwa mkataba mpaka birthday yake ya 21, kumbe kazaliwa 29 Februari, ana miaka 21 lakini birthday tano. Hao maharamia wakiingia na sindimba ukumbi hautakalika.

korosho_ghafi:
Hiyo ya mayatima nimecheka peke yangu ofisini. Ila nimeusikiliza ule wimbo wa meja jenerali wa humo kwenye maharamia, spidi ile nani anaiweza, na maneno yetu yalivyo marefu?

Kinanda_Lindi:
Msitafsiri mstari kwa mstari, hautakaa kwenye noti. Huyo meja jenerali anajisifu anajua hesabu, historia, mambo ya Wagiriki, ila vita vyenyewe hajui kitu. Andikeni wenu juu ya mkubwa wa namna hiyo, haki zimeisha mnabadilisha mtakavyo. Nafasi mpeni MC wa harusi, wale wanaongea bila kuvuta pumzi.

mdau_utamaduni:
Vyovyote mtakavyochagua kibali ni lazima, ile sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ya 1976 inagusa hadi jukwaani. Anzieni kwa afisa utamaduni wa manispaa, na mwende mapema. Pia huo ukumbi ni wa bati? Desemba mvua ikishuka hata kinanda hakisikiki, kagueni kwanza silingibodi kabla hamjakodi maiki.

korosho_ghafi:
Ni bati tupu mkuu, umeniamsha. Uzi nimemtumia mwongozaji, kasoma wote, kajibu tu kwamba fundi keshashona nguo za masista.

MamaTwins:
Nguo nyeusi hizo? Kateni chini muweke vifungo. Si nasikia huo mchezo wa maharamia una mapolisi?