Katriji inaisha kila wiki, nifanyeje kupunguza gharama ya wino nyumbani?

MwalimuWaJioni
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada maana hela ya tuisheni karibu yote inaishia kwenye wino.

Niko Tabata, nafundisha nyumbani watoto 20 wa darasa la nne, wana upimaji wa taifa mwaka huu kwaiyo kila wiki nawaandalia mazoezi ya Hisabati, Sayansi na Kiingereza, jumla kurasa 8. Mwaka jana nilinunua printa ndogo ya katriji mbili, ile nyeusi na ya rangi, bei ilikuwa chini sana nikajua nimelamba dume. Kumbe katriji nyeusi moja ni 38,000 na inanitolea kurasa 45, ikijitahidi sana 50, na boksi limeandikwa 120! Nikisema nimprintie kila mtoto ya kwake ni kurasa 160 kwa wiki, yaani katriji tatu na nusu, sina hiyo hela kabisa. Sahivi naprinti nakala 5 tu, watoto wanakaa wanne wanne kwenye karatasi moja, yule wa upande wa pili anasoma maandishi yakiwa kichwa chini, inaniuma kwakweli.

Kingine siprinti rangi hata siku moja lakini katriji ya rangi nayo inaisha, huo wino unaenda wapi jamani? Kuna mtu kaniambia nijaze kwa sindano, mwingine ananiambia niiuze ninunue ya matenki, mwingine leza. Nishaurini kama mnavyomshauri dada yenu.

Chuma_Ulete77
Nunua ya tenki tu dada upumzike.

FundiWaMashine
Pole sana mwalimu. Hizi mashine ndo kazi yangu, nipo Kariakoo mwaka wa 9 huu, ngoja nikuoneshe unapovujia.

Hiyo 120 ya kwenye boksi imepimwa kwa ukurasa ambao wino umefunika kama asilimia 5 tu ya karatasi, fikiria barua fupi yenye nafasi nyingi. Zoezi la darasa la nne lina ramani, kuna picha ya mmea, kuna vyumba vya kujibia vyenye mistari minene, hapo unafika asilimia 13 bila kujijua, kwaiyo kurasa 45 ndo saizi yake, katriji yako haina ubovu.

Kuhusu rangi: printa ikiachwa kwenye mpangilio wa rangi, ile nyeusi unayoiona mara nyingine inachanganywa kutoka kwenye zile rangi tatu, hasa ukiwa umeiambia karatasi ni ya picha. Nenda kwenye mipangilio ya kuprinti uchague nyeusi tupu na karatasi ya kawaida. Afu printa nyingi kila ukiwasha zinajisafisha hedi, yani kile kichwa chenye matundu ya kutolea wino, na kujisafisha maana yake ni kumwaga wino kwenye sponji iliyo humo tumboni, na inamwaga zote, nyeusi na rangi. Ukiwasha na kuzima mara nne kwa siku umemwaga mara nne, bora ukusanye kazi uprinti kwa mkupuo mmoja.

Lakini naomba nikuulize, unaizima kwa kitufe chake au unazima ukutani? Maana hapa ndo naona watu wengi wanapoteza wino kuliko hata kwenye kuprinti. Ukizima kwa kitufe hedi inarudi pembeni inajifunika kwenye kimpira chake. Ukizima ukutani, au umeme ukikatika katikati ya kazi, inabaki wazi, wino unakauka kwenye matundu, kesho yake unatoa karatasi ina mistari mistari, unaanza kupiga kusafisha hedi mara tano mfululizo na nusu katriji imeondoka hujaprinti kitu. Umeme ukirudi iwashe kwanza, iache itulie, ndo uizime kwa kitufe.

Sindano inawezekana kwa hizi katriji ambazo hedi iko hapohapo kwenye katriji yenyewe, mfano HP 123, 652 au 305. Ila usisubiri ikauke kabisa, kwasababu wino ndo unapoza vile vihita vidogo vya kwenye hedi, ukiprinti kavu vinaungua na hapo hata umimine chupa nzima haitoi kitu. Jaza mapema, polepole, kidogo kidogo. Kompyuta itaendelea kukwambia katriji imeisha, we bonyeza sawa uendelee. Kwa uzoefu wangu moja inajazwa mara 4 mpaka 6 ndo inachoka. Na ukija kununua printa mpya ya HP yenye herufi "e" mwishoni mwa namba yake, wakati wa kuiwasha mara ya kwanza itakuuliza kuhusu HP+, ukikubali itataka iunganishwe na intaneti na wino wa HP wa asili peke yake, soma vizuri kabla hujabonyeza.

MamaZuu_Kisauni
Mwalimu pole, nakuelewa mno. Huku Mombasa na haya mambo ya CBC, mtaala wa shule za Kenya, mzazi unatumwa kuprinti picha kila jioni, leo wanyama kesho mboga, na saiba, yaani duka la kuprintia, wataka bob kumi (shilingi kumi za Kenya) kwa ukurasa mweusi na wa rangi ni zaidi, na mimi nna watoto watatu.

Kilichonisaidia mimi si mashine ni kuitengeneza ile karatasi kabla sijaiprinti. Picha yoyote iliyojaa weusi naitoa naweka ya mistari mitupu, mtoto ataipaka rangi mwenyewe na wala haoni tofauti. Kichwa cha karatasi kilichokuwa na utepe mweusi na maandishi meupe nimekitoa, utepe ule peke yake hula wino kuliko maswali yote. Kisha naweka drafti, maandishi yatoka kijivu kidogo lakini yasomeka vizuri, nakala ya kwenda kwa mwalimu tu ndo naweka ya kawaida. Na kabla ya kubonyeza naangalia kurasa zote kwenye skrini maana mara nyingi ule wa mwisho una mstari mmoja tu, nikivuta pambizo kidogo waingia juu.

Wengine husema ubadilishe fonti. Ni kweli Chuo Kikuu cha Wisconsin-Green Bay kule Marekani mwaka 2010 walihama Arial wakaweka Century Gothic kwenye barua pepe zao, wakisema yatumia wino pungufu kama asilimia 30. Nshajaribu, lakini herufi zake ni pana, ukurasa mmoja wangu ukawa mmoja na robo, nikaona karatasi yanila nikarudi kwa ile ya zamani.

Mzee_wa_Kopi
Mwalimu nimesoma yote, wenzangu wamesema kweli lakini naona wanakutibia printa wakati kazi yenyewe uliyoipa sio yake. Mimi nina steshenari karibu na shule mbili, siku za mitihani nahudumia walimu mpaka saa nne usiku, ngoja tupige hesabu.

Katriji 38,000 gawa kwa kurasa 45, ukurasa mmoja ni shilingi 844 na bado karatasi. Wewe unatoa ukurasa uleule mara 20. Hiyo ni kazi ya kopi mwalimu wangu! Printi nyumbani kurasa 8 tu, nakala moja safi ya kawaida, sio drafti maana kijivu kwenye kopi kinapotea. Zilizobaki peleka steshenari. Kwangu mwalimu akija na kopi zaidi ya mia moja kwa mpigo namfanyia 70 kwa ukurasa na karatasi ni yangu, hiyo 160 ni 11,200. Jumlisha wino wa zile 8 za nyumbani, kama 6,750, jumla hata 18,000 haifiki, wakati sasahivi unatumia karibu 38,000 kwa nakala 5 tu.

Sasa tenki. Sikatai ni mashine nzuri, hata mimi nina Epson ya tenki hapa dukani kwa kazi za rangi. Chupa yake nyeusi ya 103 ina mililita 65 na inahesabiwa kurasa 4,500 kwa kile kipimo chao cha asilimia 5. Naiuza 30,000, kwaiyo ni shilingi 7 hivi kwa ukurasa, kwa mazoezi yako yanayokula wino mwingi weka 20. Rimu ni 13,000 ina karatasi 500, hiyo 26. Jumla 46. Umeokoa 24 ukilinganisha na kopi ya 70, mara kurasa 160 ni 3,840 kwa wiki. Mashine mpya naiuza 580,000. Gawa, ni wiki 151! Karibu miaka mitatu, na hapo sijatoa wiki za likizo. Ukiwa na watoto 60 au ukianza kuwatolea na wenzio, hapo njoo tuzungumze tena.

Halafu kuna kudurufu. Kama mtaani kwako kuna walimu watatu wanne wa darasa hilohilo, tungeni zoezi moja mfike nakala 100 za kila ukurasa, mtafute mwenye Riso, ile mashine wanayotolea mitihani mashuleni. Inachoma masta moja, yani karatasi maalum ya kutolea nakala, kwa kila ukurasa halafu inapiga nakala kwa wino wa bei chee. Gharama iko kwenye masta, ndo maana nakala 20 haikulipi ila ukifika 100 utaona bei inavyoshuka.

FundiWaMashine
Mzee hapo umenena, kwa nakala 20 za ukurasa mmoja hata mimi narudi kwako.

Niongeze la leza kwasababu ameuliza. Faida yake kubwa ni kwamba tona ni unga, haikauki hata ukiiacha miezi mitatu, kwaiyo mtu anayeprinti mara moja moja inamfaa. Tona kama 85A inahesabiwa kurasa 1,600, isiyo ya asili hapa Kariakoo unaipata 25,000, ukipiga kwa kurasa zake zinazokula wino mwingi inakuja 41 kwa ukurasa, weka na karatasi 26 ni 67, yani sawa na kopi ya mzee. Na ukiichukua usiichomeke kwenye UPS ndogo ya kompyuta, lile betri la akiba, maana fyuza yake, ile sehemu inayoyeyushia unga kwenye karatasi, ikianza kupata moto inavuta umeme mwingi kwa ghafla.

MwalimuWaJioni
Wakuu nimerudi, wiki mbili zimepita. Nawashukuru sana, Mungu awabariki.

Nimefanya kama mzee alivyosema. Huku kwetu 70 wamekataa, tumekubaliana 80 kwasababu naenda kila Jumamosi, kwaiyo 160 ni 12,800. Picha zote nimeweka za mistari mitupu kama Mama Zuu, na ile ramani iliyokuwa na bahari nyeusi nimeitoa nimechora mpya kwa mkono. Katriji niliyoweka siku ile bado ipo! Nimeprinti kurasa 16 na naona ina mwendo. Jumamosi iliyopita kwa mara ya kwanza kila mtoto alikuwa na karatasi yake na amerudi nayo nyumbani, mzazi mmoja kanipigia anauliza kama nimeongeza ada. Kuna mwalimu jirani hapa Segerea na mwingine wa Kimanga nishaongea nao habari ya kudurufu, tunakutana kesho.

Fundi, ni kweli nilikuwa nazima ukutani, miaka yote. Ile katriji ya rangi sasa haitoi kitu kabisa na haina hata mwezi, kuna namna au ndo basi?

FundiWaMashine
Usiitupe kwanza. Chemsha maji yaache yawe ya uvuguvugu, lowesha tishu iliyokunjwa, uiweke kwenye kisosi. Katriji ikalishe juu yake upande wa hedi ukiwa chini, dakika tano mpaka kumi, usiisugue. Zile sehemu za shaba zisiguse maji, zikigusa zikaushe vizuri kabla hujarudisha. Ukiinyanyua utazame tishu, ukikuta mistari mitatu ya rangi, bluu, nyekundu na njano, basi ipo hai, irudishe upige kusafisha hedi mara moja tu. Ukikuta miwili rudia kesho. Tishu ikitoka nyeupe, hiyo imeshakauka. Jaribu kuitoa kabisa uprinti na nyeusi peke yake, HP nyingi za katriji mbili zinakubali.