Farasi kajitoa f7: g6, c5 au kula e4?

Mchovu_wa_e5: Mchezo umeisha jana, kwa hiyo ruksa kuujadili. Chesi ya barua, siku 3 kwa kila hatua, kompyuta marufuku. Nilikuwa na nyeusi (N ni farasi, K mfalme, Q malkia, B askofu; herufi ikikosekana ni kitunda, yaani askari mdogo; x ni kula, + ni kumtishia mfalme, na nukta tatu ni hatua ya nyeusi):

1.e4 e5 2.Nf3 Nf6 3.Nxe5 d6 4.Nxf7 Kxf7 5.d4

Farasi mzima kwa vitunda viwili! Nikajua jamaa kachanganyikiwa, nikajibu papo hapo 5...Nxe4. Nimefungwa. Nyinyi mngecheza nini?

MzeeNgome: Pole, kijana. Hajachanganyikiwa hata kidogo. Hiyo ni gambiti ya Cochrane, yaani kutoa kete makusudi mwanzoni ili upate shambulizi. Bingwa Topalov alimchezea bingwa mwenzake Kramnik kwenye mashindano ya Linares, Hispania, mwaka 1999, wakatoka sare. Na e4 ndiyo chambo chenyewe. 6.Qh5+, ukiziba kwa g6 inakuja 7.Qd5+, mfalme na farasi wanashikwa kwa mpigo mmoja. Ukikimbilia e7, 7.Qe2, farasi kabanwa mbele ya mfalme wake, hana pa kwenda. Anarudisha farasi, anakuzidi kitunda, na mfalme wako bado yuko uchi.

Mimi ni 5...g6. Njia ya h5 inafungwa, halafu mfalme anajitembelea taratibu hadi g7. Haina mbwembwe.

bintifarasi: Mzee, g6 inampa muda wa kusukuma f4 na e5, hapo vile vitunda vinaanza kuuma. Bora 5...c5, umvunje katikati mapema. 6.dxc5 Nc6, na 7.Bc4+ unaziba kwa Be6. Wakibadilishana maaskofu, mshambuliaji wake mmoja kapungua.

MzeeNgome: Na mfalme wako kasimama e6, katikati ya barabara! Tena sasa ana vitunda vitatu kwa farasi. Mwishoni mwa mchezo utavihesabu vizuri.

bintifarasi: Nakubali kuhusu vitunda. Lakini kwa barua nina siku 3 za kumtafutia mfalme njia ya kurudi f7. Kwenye saa ya dakika tano ningekufuata wewe.

kimya64: Kwenye ICCF, shirikisho la kimataifa la chesi ya barua, kompyuta zinaruhusiwa, kwa hiyo huko sidhani kama ningethubutu 4.Nxf7. Hapa kwenu, ambako ni kichwa na vitabu tu, aliyemtoa farasi keshasoma. Swali langu: hatua ya tano ulitumia muda gani?

Mchovu_wa_e5: Dakika kumi, tena nikiwa nasubiri chai. Marudiano nina nyeupe. Mzee, 5.d4 au 5.Nc3?