Mgahawa wa kifahari wa "mimea tupu" Masaki: makande mabichi, bei ya dola na samli kwenye chapati ya mtoto mwenye mzio

Wanajukwaa, salaam.

Naomba nieleze waziwazi yanayoendelea katika mgahawa mmoja wa kifahari ulioko Masaki, hapa Dar es Salaam, unaojinadi kwamba jikoni kwake haingii nyama, samaki, mayai wala maziwa. Jina nalihifadhi kwa sasa, kwa sababu bado nasubiri majibu ya maandishi kutoka kwa uongozi wake, lakini mambo yenyewe siyahifadhi tena.

Kabla hajatokea mtu wa kuniambia kwamba nimezoea nyama ndiyo maana mboga hazinipandi, niseme mapema kuwa nimezaliwa Same katika familia ya Wasabato. Kanisa letu limekuwapo Upareni tangu mwaka 1903, na ingawa si Wasabato wote wanaoacha nyama, katika jiko la marehemu mama yangu haikuwahi kuingia. Kwetu sisi kula nafaka, kunde na majani ni maisha ya kila siku, si mtindo ulioletwa na mitandao. Kwa hiyo mgahawa wa namna hii ulipofunguliwa nilifurahi kuliko wengi, nikaenda, nikapeleka wageni wa kikazi, nikapeleka na ndugu, na kila nilipotoka nilijipa moyo kwamba pengine siku ile jiko lilikuwa limezidiwa. Moyo huo umeniishia.

Nianze na makande, kwa kuwa ndiyo yaliyonikera zaidi. Kwenye menyu yameandikwa kuwa ni makande ya Upareni "kwa mtazamo mpya", na mtazamo wenyewe ulipofika mezani ulikuwa sahani nyeusi pana kama ungo, katikati yake mahindi yaliyokobolewa yamepangwa duara, maharage mekundu yamewekwa upande mmoja peke yake, na tui limedondoshwa matone pembezoni kama vile mpishi alikuwa anapima dawa. Nilipoyatafuna, mahindi yalikwaruza, na maharage yakapasuka kwa mlio na kuonyesha kiini cheupe kilichofanana na chaki. Yeyote aliyekulia Upareni anajua kwamba makande hayana njia ya mkato: mahindi na maharage hulowekwa usiku kucha, huchemshwa kwa saa kadhaa kwa moto wa taratibu, wapo wanaotia magadi kidogo ili yalainike haraka, na utamu wake wote unatokana na maharage kupasuka ndani ya mchuzi, ukawa mzito na kushikana na mahindi. Ukiyatenganisha kwenye sahani, umeharibu kazi ambayo moto uliifanya kwa saa zote hizo, na ukiyatenganisha kabla hayajaiva basi hata kazi ya kuharibu haipo.

Tena hili si suala la ladha peke yake. Maharage mekundu mabichi yana lektini, aina ya protini yenye sumu inayovunjwa na mchemko wa kweli, na mtu akiyala yakiwa hayajaiva anaweza kutapika na kuharisha ndani ya saa chache. Nilimwita kijana aliyekuwa akituhudumia, nikamwonyesha. Alikwenda jikoni, akarudi na kuniambia kwa adabu, "Mama, shefu anasema yanatakiwa yawe hivyo ili mteja aihisi kila punje." Nikamjibu, "Kila punje nimeihisi, mwanangu, na gego langu limeihisi zaidi." Kijana yule simlaumu hata kidogo, maana alikuwa anatumwa kubeba maneno ya mtu ambaye hakutaka kutoka jikoni.

Kisamvu nacho kilikuwa na hadithi ileile. Kililetwa kikiwa na majani mazima, yamepitishwa kwenye mafuta kwa muda mfupi ili yabaki na rangi ya kijani inayopendeza kwenye picha. Majani ya muhogo hutwangwa na kuchemshwa kwa muda mrefu kwa sababu ya kuyalainisha, ndiyo, lakini pia kwa sababu yana viambata vinavyozalisha sianidi, na mama yeyote wa Tanga au Mtwara atakueleza kuwa kisamvu kisichotwangwa na kuiva hakiliwi, hata kama hajawahi kulisikia jina la sumu yenyewe. Niliacha sahani nzima. Mbaazi zilikuwa zimeiva, na haki yao nawapa, ila tui lake lilikuwa la kopo, lile linaloacha utando wa mafuta kwenye kaakaa, katika jiji ambalo nazi zinauzwa kila soko na watu wa kuzikuna wapo. Mgahawa unaotoza fedha nyingi kiasi kile unashindwaje kukamua tui zito na tui jepesi, ukatia jepesi mapema na zito mwishoni, kama inavyofanyika katika nyumba yoyote ya pwani?

Halafu kuna lile fenesi bichi lililochambuliwa nyuzi nyuzi, likapakwa mchuzi mtamu wenye harufu ya moshi na kupewa jina la nyama choma ya mimea. Sina ugomvi na fenesi. Ninachogombania ni kwamba lilikuja peke yake kama mlo kamili, ilhali gramu 100 za fenesi zina protini isiyozidi gramu 2 hivi, wakati kiasi hichohicho cha maharage yaliyopikwa kina gramu 8 au zaidi. Anayepika chakula kisicho na nyama kwa ajili ya watu wazima anapaswa kujua kwamba nyama ikiondoka lazima kitu kingine kikae mahali pake, iwe choroko, dengu, kunde, njugu mawe au karanga, vinginevyo mteja anashiba mchuzi tu. Wageni wangu, ambao walikuwa wametoka Mwanza kwa mkutano, waliniomba kwa aibu tusimame njiani wanunue mihogo ya kukaanga. Hebu fikirieni aibu ya mwenyeji katika hali hiyo.

Jibini ya korosho sitaisema sana. Ilikuwa na ladha ya unga uliolowana, na nilipouliza inakotengenezwa nikaambiwa inaagizwa nje ikiwa tayari kwenye pakiti. Nchi inayolima korosho Mtwara na Lindi, na kuuza nyingi zikiwa ghafi India na Vietnam, tunakaa Masaki kula korosho iliyosafirishwa kurudi kwetu!

Sasa tuje kwenye bei. Makande yale yaliandikwa dola 16, fenesi dola 19, na maji ya kunywa dola 4, kisha mstari mdogo chini kabisa ya menyu, kwa maandishi ambayo nililazimika kuvaa miwani kuyasoma, ulieleza kwamba VAT ya asilimia 18 na tozo ya huduma ya asilimia 10 vitaongezwa juu yake. Wakati wa kulipa wakageuza kwa shilingi kwa kiwango walichojipangia wenyewe. Niliwakumbusha kuwa tangu mwaka 2025 zipo kanuni zinazokataza bei za bidhaa na huduma za ndani ya nchi kutajwa au kutozwa kwa fedha za kigeni, na mhasibu akanijibu kuwa menyu mpya "ziko kiwandani zinachapwa". Na risiti ya EFD, yaani ile ya mashine ya kielektroniki ya kodi, ilitoka baada ya kuiomba, wakati ilitakiwa itoke bila kuombwa.

Najua watakuja wa kuniambia kwamba Masaki ni Masaki, na asiye na uwezo abaki Buguruni. Hoja hiyo haina maana, kwa kuwa sikulalamikia kulipa. Nililipa bili zote mpaka senti ya mwisho. Nalalamikia kulipa kwa ajili ya kitu ambacho hapahapa mjini kinapatikana kwa bei isiyofika hata nusu yake na kikiwa kimepikwa na watu wanaojua. Nendeni mtaa wa Kisutu mkale thali ya Kihindi isiyo na nyama, mtaongezewa dengu na roti hadi muombe wasimame. Nendeni Zanzibar jioni mkanywe urojo wenye bajia na kachori, ama mwezi wa Ramadhani mkaribishwe futari ya magimbi, muhogo na ndizi za nazi. Chakula cha mimea si kitu kipya katika pwani hii, wala hakihitaji kufundishwa adabu na mtu asiyejua kuivisha maharage.

Yote hayo ningeweza kuyameza. Lililonifanya niandike ni hili lifuatalo, na naomba wenye watoto walisome kwa makini.

Mtoto wa mdogo wangu wa kike ana mzio mkali wa maziwa, na amewahi kulazwa kwa sababu ya biskuti. Mama yake ndiye aliyependekeza tumpeleke pale siku ya furaha yake, akiamini kwamba palikuwa mahali pekee mjini ambapo mtoto angeweza kuagiza chochote bila mtu mzima kuhojiana na mpishi. Hata hivyo tulimweleza mhudumu mapema, naye akaandika kwenye oda. Zilipoletwa chapati na mchuzi wa dengu, nilisikia harufu ya samli kabla sahani haijagusa meza. Aliyezaliwa kwenye wafugaji au jirani na wafugaji haipotezi harufu ile. Nikamzuia mtoto mkono, nikaikunja chapati, na vidole vyangu vikang'aa mafuta ya manjano. Nikauliza. Mhudumu akaenda, akarudi na jibu ambalo hadi leo nikilikumbuka napandwa na damu kichwani: "Shefu anasema si siagi, mama, ni samli ya kienyeji tu."

Ya kienyeji tu! Kana kwamba ng'ombe wa kienyeji anatoa maji ya matunda. Mtoto hakula, tunamshukuru Mungu, lakini aliponea kwenye pua yangu mimi, mama yake mkubwa, mtu ambaye hakulipwa kukagua jiko lao. Mtoto aliyekwenda na mzazi mwenye mafua angekuwa wodini usiku ule.

Meneja alipokuja hatimaye, hakuomba radhi. Alinieleza kwanza kwamba samli hutumika "kwa kiasi kidogo sana, kwa ajili ya ladha", maneno ambayo maana yake ni kwamba wamekuwa wakiitumia muda wote, kisha akaniambia, "Dada yangu, wateja wetu wengi wa nje wanaupenda upishi wetu, labda ni suala la kuzoea ladha za kisasa." Akamalizia kwa kunipa kadi ya kitindamlo cha bure nitakaporudi. Kadi niliiacha mezani.

Madai yangu nimewaandikia na ninayarudia hapa ili yasomwe na wengi. Waondoe neno "mimea tupu" kwenye bango na menyu, au waondoe samli jikoni, kwa sababu Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu kile anachouziwa, na nisipojibiwa nitapeleka malalamiko FCC, yaani Tume ya Ushindani, pamoja na nakala za risiti. Waandike kwenye kila chakula viambato vinavyoleta mzio, yaani maziwa, karanga, korosho, ngano, ufuta na soya. Bei ziwe kwa shilingi na ziwe kamili. Na bili ya siku ile ya mtoto irudishwe yote, si kwa kadi ya keki.

Kwa wanajukwaa wengine nina swali moja. Aliyekula pale akaletewa maharage yaliyoiva, aseme aliagiza nini na alimkuta nani jikoni, kwa kuwa mimi nimekwisha kuipitia karibu menyu yote na sijabahatika kuyaona. Na kama kuna mwingine aliyekutana na samli, au na kitu kingine cha wanyama katika chakula chao, aandike hapa tarehe na namba ya risiti, malalamiko yetu yaende yakiwa pamoja.