Malalamiko: Nimeuziwa rangi mpya juu ya mashine chakavu ya kufunga hei

Wakuu, salaam.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Mimi ni mfugaji na mkulima wa malisho wilayani Kongwa, na mwaka huu nimeuziwa mashine ya mtumba ya kufunga hei, yaani nyasi zilizokaushwa za kulisha mifugo, kuwa marobota ya mviringo, ambayo muuzaji wake, mwenye yadi Dar es Salaam, aliniandikia juu ya ankara, kwa mkono wake mwenyewe, kwamba imefanyiwa huduma kamili, kwamba beringi zote ni mpya na kwamba iko tayari kwa kazi. Nililipa shilingi milioni 18, ukiacha gharama ya lori la kuileta. Katika yote aliyoyaandika hakuna hata neno moja lililokuwa la kweli, na sasa hivi, nyasi zikiwa zimelala kwenye mistari shambani, simu zangu hazipokelewi.

Kwa wasioijua hali ya huku kwetu, mvua za Dodoma ni za msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili, na baada ya hapo ni ukavu mpaka mwisho wa mwaka. Nyasi za Cenchrus, ambazo wengi wetu Kongwa tumezipanda, zinatakiwa kukatwa zinapoanza kutoa maua, kwa sababu zikipita hapo protini inashuka na mabua yanakuwa magumu kiasi kwamba ng'ombe anaokota majani na kuacha mabua. Maana yake ni kwamba mtu anayefunga hei ana wiki chache za kufanya kazi ya mwaka mzima, na mashine ikimharibikia katika wiki hizo hapotezi muda peke yake, bali anapoteza chakula cha mifugo cha Septemba, Oktoba na Novemba, miezi ambayo huku ng'ombe hufa wakiwa wamesimama malishoni. Muuzaji aliyajua haya yote kabla hajapokea fedha yangu, kwa kuwa nilimweleza moja baada ya jingine.

Tena nilimtaka aijaribu mashine kwa kufunga nyasi mbele yangu. Akajibu kwamba yadini hakuna nyasi, akaiunganisha na trekta, akaizungusha kwa mizunguko 540 kwa dakika ikiwa tupu, na akataka niridhike na mlio wake. Mashine tupu haimwambii mtu chochote. Mzigo kwenye rola, yaani mihimili ya chuma inayozungusha mikanda, na kwenye beringi zake huja pale robota linapokua ndani ya chumba, mikanda inapokazwa na silinda, na nyasi zenye uzito wa kilo 200 na zaidi zinapozungushwa kwa pamoja. Kwa sababu hiyo nilidai tamko la maandishi, naye akaliandika bila kusita.

Kazi ilipoanza, marobota ya mwanzo yalitoka yamelegea upande mmoja, kisha tukasikia harufu ya mpira unaoungua, na moshi ukaanza kutoka kwenye ubavu wa kulia. Kila aliyewahi kufunga hei anajua jambo hilo lina maana gani, kwa maana beringi iliyokwama katikati ya vumbi la nyasi kavu, kwenye upepo wetu wa kiangazi, ni moto wa shamba zima na pengine wa shamba la jirani. Tuliwahi kumwaga maji.

Fundi wetu kutoka Kibaigwa alipofungua kifuniko cha ubavuni, nilisimama karibu naye na kuangalia kila alichokitoa. Beringi ya rola ya chini, ambayo kwa mujibu wa ankara ni mpya, ilikuwa imebaki ganda lenye vipande vya gololi na unga mwekundu wa kutu. Shafti ya rola hiyo ilikuwa imeliwa siku nyingi zilizopita na beringi iliyolegea. Mtu akaijaza kwa kuchomelea, akaisawazisha kwa grainda mkononi badala ya kuipeleka kwa fundi wa kereza, yaani mashine ya kuchonga chuma, kisha akapaka rangi juu ya makovu. Fundi alipokwangua rangi hiyo kwa ncha ya bisibisi ilibanduka yote kwa pamoja, na chini yake kulikuwa na girisi ya zamani iliyoganda na makapi, kumaanisha kwamba aliyepaka hakuhangaika hata kuiosha. Cheni kweli ilikuwa mpya, lakini ilivalishwa kwenye meno ya gia yaliyochongoka na kulalia upande mmoja kama kucha za mwewe, na fundi yeyote anajua kwamba cheni mpya juu ya meno yaliyokwisha huvutika na kuharibika ndani ya muda mfupi. Katika mikanda, mmoja umezidi mingine urefu kwa karibu kiganja, kwa hiyo hauwezi kutulia kwenye njia yake, unamsukuma jirani yake, na kingo za yote miwili zimeanza kufumuka nyuzi.

Hayo yote ni fedha, na fedha hutafutwa. Kilichonikosesha usingizi ni mlango wa nyuma.

Mlango huo, kwa wasioujua, ni chuma kizito kinachonyanyuliwa na silinda za haidroliki ili robota litoke, na kwenye bomba la silinda huwa kuna koki ambayo mtu anaifunga kabla ya kuingia chini yake kusafisha au kurekebisha mikanda, ili hata mpira wa haidroliki ukipasuka mlango usishuke. Katika mashine hii koki iling'olewa na mahali pake pakaunganishwa bomba la kawaida, na sili za silinda zinavuja kiasi kwamba mlango ukiachwa wazi unashuka wenyewe polepole. Kijana wangu wa kazi alikuwa ameshainama kuingia chini yake kabla fundi hajamvuta shati. Watu wamekufa kwa milango ya mashine hizi katika nchi ambazo zimetumika kwa miaka mingi, na ndiyo sababu watengenezaji waliweka koki hiyo. Mtu aliyeiondoa na kuiuza mashine bila kusema neno amehatarisha maisha ya mtoto wa mwenzake, na kwa hili sina lugha ya upole.

Kuna na suala la kufungia. Mashine za aina hii zipo zinazotumia kamba na zipo zinazotumia neti ya plastiki, na nyingine hutumia vyote viwili. Nilisisitiza kamba, kwa sababu kamba ya katani inasokotwa hapa nchini, inaoza yenyewe, na haimdhuru ng'ombe kama neti, ambayo akiimeza hujikusanya tumboni. Muuzaji alikubali kwa kichwa na kwa maneno. Mashine ilipofika, sanduku la kamba lipo lakini mkono wa kupeleka kamba haupo, na kisanduku cha kumwonyesha dereva robota limefikia ukubwa gani nacho hakipo. Nilipouliza kwa simu, siku ambazo bado alikuwa anapokea, alisema vitafuata na basi. Havijafuata.

Najua atatokea mtu hapa kuniambia kwamba mtumba ni mtumba. Naomba tuelewane vizuri. Sikutegemea mashine mpya kwa bei hiyo, na siulalamikii uchakavu wenyewe. Mashine hizi hazina siri: beringi zake nyingi zina namba iliyogongwa ubavuni na zinapatikana kwenye maduka ya spea pale Dodoma mjini, cheni hununuliwa kwa saizi, na mikanda inaweza kukatwa kwa mita na kuungwa kwa klipu. Ikipigwa girisi kila siku ya kazi, cheni ikapakwa oili, makapi yakapulizwa jioni, na ikalazwa chini ya paa ili jua lisiipasue mikanda, mashine ya miaka 20 inafunga hei vizuri kabisa. Angeniambia kwamba rola moja imeliwa na mlango hauna koki, ningepiga hesabu ya matengenezo, tukapatana bei, na ningekuwa nimeitengeneza Februari, wakati nyasi bado zinaota. Alichoninyima ni nafasi hiyo, ili apate bei ya mashine nzima.

Tena alichofanya kina jina kisheria. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji kuhusu hali ya kitu anachouziwa. Ankara ninayo, risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, ninayo, beringi iliyovunjika nimeihifadhi kwenye mfuko, na picha za shafti na za mahali ilipokuwa koki zimepigwa kabla fundi hajarekebisha kitu.

Wenzangu wa Kongwa, Mpwapwa, Bahi na Manyoni mlionunua mashine za aina hii mkakutana na rangi ya namna hii, wekeni picha zenu hapa, pamoja na kile mlichoandikiwa wakati wa kununua. Anayeuza rola nzima au mkono wa kamba, au anayemfahamu fundi wa kereza anayeweza kuisawazisha shafti hii kabla nyasi hazijaharibika, aniandikie kwenye uzi huu.

Na wewe muuzaji, kwa kuwa najua unasoma: ama ulete rola, koki, mkono wa kamba na kisanduku cha dereva kwa gharama yako wiki hii, ama utume lori likachukue mashine yako na urudishe fedha yangu yote pamoja na usafiri. Ukinyamaza, Jumatatu ijayo nawasilisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani na ninafungua shauri mahakamani.