Naomba ushauri: kushona mikoba ya safari ya ngalawa, Wete hadi Fundo

Mama Wawili: Asalaam aleykum wapendwa. Skuli zikifungwa tunataka kuvuka na watoto kwa ngalawa kutoka Wete, Pemba, hadi kisiwa cha Fundo, tukalale ufukweni siku mbili tatu. Mabegi ya dukani zipu zake huliwa na chumvi, na wimbi likiingia nguo zinalowa chapachapa. Cherehani ya miguu ninayo. Nishone kwa kitambaa gani, na kwa umbo gani?

Fundi Turubai: Waaleykum salaam dada. Tafuta turubai la plastiki la kufunikia mizigo ya magari, lile jepesi. Sindano namba 18, uzi wa polista. Wa pamba ukilowa kila mara huoza. Mshono uwe mpana, maana matundu yakikaribiana turubai huchanika hapohapo. Penye mikunjo minne usikanyage, zungusha gurudumu kwa mkono. Zipu achana nayo kabisa: acha mdomo mrefu, ukunje mara tatu au nne, ufunge kwa bizimu za plastiki. Kisha pakaza gundi ya turubai juu ya mishono, kwa ndani. Ikikauka, jaza hewa, funga, zamisha kwenye beseni. Panapotoka povu ndipo panapovuja.

Nahodha Mstaafu: Mwanangu, kabla hujakata kitambaa kapime ngalawa. Tumbo lake jembamba. Mkoba mnene utakaa juu, na uzito ukiwa juu chombo hulewa hata kiwe na marengu, zile mbao za ubavuni zinazokizuia kisipinduke. Shona mirefu myembamba, ilale katikati juu ya fito, maji ya ngama, yanayotuama chini ya chombo, yasiifikie. Kila mmoja utie kitanzi, ufungwe kwa kamba kwenye miti inayoshika marengu. Maboya ya watoto yavaliwe, yasipakiwe. Na upepo wa kusi ukichachamaa msivuke.

Mpemba Ughaibuni: Huku Marekani mikoba ya mitumbwi inafuata mtindo wa Camille Poirier wa mji wa Duluth, aliyepata hataza (haki ya mvumbuzi) mwaka 1882: mfuko mpana usio na fremu, wenye mikanda ya mabegani. Upana huo ni wa mitumbwi yao, msikilize nahodha. Lakini mikanda weka. Maji yakikupwa mtashukia mbali, na mikono mtaihitaji kwa watoto.

Mama Wawili: Shukran sana. Hiyo gundi naipata wapi?

Fundi Turubai: Waulize wanaoshona maturubai ya gari mjini Chake Chake. Watakuuzia hata kiasi kidogo, nenda na kichupa chako.