Uhaba wa malighafi ya karatasi: ni miti iliyopungua, au ni wanunuzi walioongezeka?

Katibu wa Mbuyuni (Moshi)

Wanajukwaa, heshima kwenu nyote. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakusanyaji wa karatasi chakavu hapa Moshi. Tunazunguka madukani, hasa kandokando ya Soko la Mbuyuni, tunanunua maboksi matupu, tunayakunjua, tunayafunga marobota na kumuuzia dalali ambaye ndiye anayefika kiwandani. Kinachotusumbua ni bei. Kuna wakati dalali hupiga simu mwenyewe kuulizia mzigo, na kuna wakati huuacha ukae mpaka mchwa wauingie, kisha akija anashusha bei kwa maelezo kwamba kiwanda kimejaa. Wakati huohuo tunasikia kwamba viwanda vya karatasi vinalalamikia uhaba wa malighafi, na rimu nyingi tunazoziona madukani zimetoka nje ya nchi.

Naomba kueleweshwa mambo mawili. Nchi yenye Sao Hill, lile shamba kubwa la miti la serikali kule Mufindi, ambayo huku kwetu pia ina mashamba ya miti ya Rongai na West Kilimanjaro, inakosaje malighafi ya karatasi? Na kama uhaba huo upo kweli, mbona haupandishi bei ya boksi langu?

Bwana Miti Mstaafu (Siha)

Ndugu Katibu, nitajibu la kwanza, kwa kuwa la pili wapo wenye kulijua zaidi yangu.

Miti ipo, lakini mti mmoja una wachumba wengi. Msindano wa shamba la serikali huvunwa ukiwa na miaka kati ya 18 na 25, na ukifikia umri huo mwenye kiwanda cha mbao hawezi kukubali gogo nene lililonyooka likatwe vipande na kupikwa liwe karatasi. Ndiyo maana kiwanda cha karatasi, kwa utaratibu wa kawaida, huishi kwa magogo membamba: miti inayotolewa wakati wa kupunguza msongamano shambani, vilele, na magogo yaliyopinda. Kwa miaka mingi magogo hayo hayakuwa na mnunuzi mwingine wa maana. Sasa wanunuzi wapo. Ukipita Mafinga utaona viwanda vidogo vya kumenya magogo kuwa veniya, yaani tabaka nyembamba za kutengenezea plaiwudi, ambavyo hupokea hata mkaratusi mwembamba. Utaona misumeno ya dingdong, ile midogo ya kuhamishika, ambayo haichagui sana. Na wapo wanaotafuta nguzo za umeme. Mkulima mdogo wa Mufindi au Njombe mwenye ekari zake chache, ada ya shule ikimkaba, huuza miti michanga kwa yeyote anayefika shambani na fedha taslimu. Mwenye kiwanda cha karatasi, anayetaka mzigo mkubwa kwa bei ndogo na pengine kwa malipo ya baadaye, hukuta shamba limekwisha kuvunwa.

Lipo pia jambo la umri wa mashamba, ambalo wengi hulisahau. Sao Hill ilipanuliwa kwa kasi kubwa katika miaka ya 1970 na 1980, kwa matarajio kwamba kiwanda cha karatasi cha Mgololo, hukohuko Mufindi, kingeitumia miti hiyo. Kiwanda kilianza uzalishaji mwaka 1985, kikiwa kimesanifiwa kutoa tani 60,000 kwa mwaka, lakini katika miaka ya 1990 kikasimama, na mwaka 2004 serikali ikakiuza kwa wawekezaji kutoka Kenya. Ndicho hiki kinachoitwa leo Mufindi Paper Mills. Miti haikusimama kukisubiri. Ilikomaa karibu kwa wakati mmoja na kuvunwa kwa matumizi mengine, na iliyopandwa baadaye haikulingana kwa umri wala kwa wingi. Shamba la namna hiyo hutoa miaka ya neema ikifuatwa na miaka ya upungufu, na kiwanda chenye mitambo ya kupikia mfululizo hakiwezi kuishi hivyo.

Ama huku kwetu, Rongai, West Kilimanjaro na Meru zina misindano na saipresi, na karibu yote huishia kwenye mbao. Hata tukiamua kuwapelekea wa Mgololo magogo yetu membamba, njia ni zaidi ya kilomita 700, na gogo bichi karibu nusu ya uzito wake ni maji. Tani moja ya rojo la kupikwa kwa kemikali, yaani nyuzi za mti zinazotengenezewa karatasi, huhitaji takriban tani 2 za mti mkavu, yaani kama tani 4 za gogo bichi, kwa kuwa karibu nusu ya ule mti mkavu huyeyuka na kuondoka na maji meusi ya upishi. Piga hesabu ya dizeli mwenyewe.

Mnunuzi wa Vifungashio (Njiro, Arusha)

Katibu, boksi lako na gogo la Bwana Miti havishindani moja kwa moja, ndiyo maana bei zake hazipandi pamoja.

Karatasi ni nyuzi za mti zilizoshikana. Uzi wa msindano una urefu wa takriban milimita 3, wa mkaratusi takriban milimita 1. Uzi mrefu ndio unaoipa nguvu karatasi ya kaki ya mifuko ya saruji. Uzi mfupi huleta ulaini wa karatasi ya kuandikia. Boksi chakavu lina uzi ambao umekwisha kupikwa, kukaushwa na kusagwa, na kila unaporudishwa kiwandani hukatika zaidi. Kwa kawaida hauvuki mizunguko mitano hadi saba. Kwa hiyo kiwanda cha mifuko ya saruji kinaweza kuwa na njaa ya uzi mrefu huku kile cha maboksi ya bidhaa za kawaida kikiwa kimejaza ghala lake kwa marobota kama yako. Wote wawili watasema ukweli: mmoja kuna uhaba, mwingine kumejaa.

Mfano wa karibu ni hapa Arusha. Mashamba ya maua na mboga yanayosafirisha nje yanahitaji boksi litakalokaa kwenye chumba cha baridi bila kulegea. Nimewahi kukagua maboksi yaliyotengenezwa kwa karatasi iliyorejelezwa tupu: yakiwa makavu yanapendeza, lakini baada ya usiku mmoja kwenye ubaridi wenye unyevu pembe za chini zinabonyea, na la juu linaliangukia la chini. Msafirishaji akishapata hasara hiyo mara moja, atalipia dola kununua kaki halisi kutoka nje. Mahitaji hayo yapo na ni ya kweli, ila hayaombi bidhaa unayoiuza wewe.

Kisha kuna upande wa kaskazini. Kiwanda kikubwa cha Webuye nchini Kenya kilifungwa mwaka 2009, na mwaka 2018 serikali yao ilisimamisha kwa muda uvunaji katika misitu ya umma, kwa hiyo watengenezaji wengi wa karatasi nchini humo walizoea kutegemea chakavu. Wakihitaji mzigo, dalali wako atakupigia simu. Shilingi yao ikishuka au marobota ya bei nafuu yakiingia Mombasa, atanyamaza. Marobota hayo nayo yana historia yake. China, iliyokuwa mnunuzi mkuu wa chakavu duniani, ilianza kuzuia karatasi zisizochambuliwa mwaka 2018 na kufunga kabisa uingizaji wa taka ngumu mwanzoni mwa mwaka 2021, na mzigo wa Ulaya na Marekani ukalazimika kutafuta bandari nyingine. Bei ya robota la Mbuyuni imefungwa kwenye mnyororo huo, hata kama dalali hajawahi kuwaeleza.

Katibu wa Mbuyuni (Moshi)

Nawashukuru sana, Mzee wa Siha na ndugu wa Njiro. Swali dogo la nyongeza: TPC, kiwanda cha sukari pale Arusha Chini, wana makapi ya miwa kwa wingi, na viwanda vya mbao vina milima ya vumbi. Je, haiwezekani kuanzisha kiwanda kidogo hapahapa Kilimanjaro?

Mkemia wa Usa River

Vumbi la mbao liondoe kwenye hesabu. Msumeno umekwisha kukata nyuzi zake, na kilichobaki kinafaa kuni za mkandamizo zaidi kuliko karatasi. Mabanzi, yaani vipande vya pembeni vya gogo, ni tofauti: ukiyamenya magome, yanapikika vizuri.

Makapi ya miwa yanatoa karatasi nzuri ya kuandikia, na kule Tamil Nadu, India, kipo kiwanda kikubwa kilichojengwa juu ya malighafi hiyo tangu miaka ya 1980. Lakini angalia walivyoyapata. Kiwanda cha sukari huyachoma makapi yake kupata mvuke, na TPC huyatumia pia kuzalisha umeme, kwa hiyo anayeyataka hana budi kukirudishia kiwanda cha sukari nishati ileile. Wenzetu wa India waliwapa wenye sukari nishati mbadala wakachukua makapi. Hapa kwetu sijaona nani angelipia nishati hiyo akabaki na faida. Ongeza kwamba msimu wa miwa una mwisho wake, ilhali karatasi hutengenezwa mwaka mzima, na makapi yaliyolundikwa vibaya huoza.

Udogo nao ni tatizo, na hapa ndipo mipango mingi niliyoisoma hukwama. Maji meusi yanayotoka kwenye upishi yana magadi makali. Kiwanda kikubwa huyachemsha mpaka yawe mazito, huyachoma, hupata mvuke na kurudisha kemikali zake. Mtambo huo ni ghali mno kwa kiwanda kidogo, na bila huo utanunua kemikali upya kila siku, huku maji hayo yakielekea Mto Kikuletwa.

Mnunuzi wa Vifungashio (Njiro, Arusha)

Naafikiana na Mkemia. Katibu, kwa hali mliyo nayo, kabla ya kufikiria kiwanda tengenezeni paa. Robota linalolowa lina uzito wa maji ambao mnunuzi hawezi kuulipia, na akishahisi unyevu hukata kwa kukisia, na makisio yake siku zote yataegemea upande wake. Ondoeni utepe wa plastiki wenye gundi na maboksi yenye nta. Karatasi nyeupe za ofisini na za wapigachapa msizichanganye na maboksi hata kidogo, kwa sababu hizo huhitajiwa na watengenezaji wa karatasi za chooni na zina bei yake. Na mkiweza kukusanya pamoja na vikundi vya Arusha mzigo wa kujaza gari zima, mtakuwa na sababu ya kuomba kuzungumza na kiwanda bila kumpitia dalali.