Wasifu wa afisa ugani marehemu: nini kiingie, nini kiachwe?

Jembe Butu:
Wakuu, tumepewa jukumu la kuandaa wasifu wa afisa ugani aliyetangulia mbele za haki. Mazishi yalishapita, huu ni wa siku ya kumuenzi, na tumetengewa dakika kumi. Rasimu iliyopo ni orodha ya vituo alivyohamishiwa na kozi alizosoma, basi. Wakulima wanataka yatajwe mavuno yalivyopanda wakati wake. Pia utapandwa mti na kuwekwa kibao. Wenye uzoefu, watu hukosea wapi?

Karani Mstaafu:
Poleni kwa msiba. Dakika kumi za kusoma kwa utulivu ni maneno kama 1,000, si zaidi. Kuzaliwa, elimu na familia visizidi 300. Vituo vyote viingie kwenye aya moja. Yanayobaki ni kazi yenyewe.

Tarehe msichukue kwa kukumbuka. Iombeni ofisi kwa barua iwatolee mambo manne tu kutoka jalada lake la utumishi: kuajiriwa, vyeo, vituo na kustaafu. Jalada zima msiliombe. Lina mambo ya afya na nidhamu yasiyosomwa hadharani, na ofisi inayojua kazi yake haitalitoa. Mtakuta tarehe tatu za mwanzo wa kazi: ya barua ya ajira, ya kuripoti kituoni na ya kuthibitishwa kazini. Chagueni ya kuripoti, na iwe hiyo hiyo kwenye wasifu, ratiba na kibao. Mabishano ya "alitumikia miaka 31 au 32" mara nyingi huanzia hapo.

Ugonjwa uacheni, isipokuwa familia imetaka utajwe. Orodha ya watoto waipitie wenyewe kabla haijachapwa. Jina la mtoto likirukwa, hakuna samahani itakayotosha.

Mizani:
Mimi nitasema juu ya mavuno, maana hapo ndipo wasifu wa watu wa kilimo huharibika. "Alipandisha mavuno kutoka magunia 5 hadi 20" haisemi kitu mpaka tujue gunia la kilo ngapi, kwa eneo gani. Magunia 20 ya kilo 100 kwa ekari ni kama tani 4.9 kwa hekta. Yakiwa ya kilo 90, ni tani 4.4. Gunia lililojazwa mpaka likavimba halina hesabu kabisa. Kisha chukueni misimu mitatu ya kabla yake na mitatu ya wakati wake. Mwaka mmoja wa mvua nzuri unaweza kumpa mtu sifa ya mawingu.

Angalieni vitenzi pia. Afisa ugani kwa kawaida hazalishi mbegu: huijaribu, huionyesha kwenye shamba darasa, huisambaza. Mkiandika "aligundua mbegu", mtafiti aliyekaa ukumbini atakunja uso, na ana haki. Norman Borlaug, mtafiti wa ngano kutoka Marekani, alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 1970, na ngano yake ya shina fupi ndiyo inayotajwa sana. Lakini ufupi ule ulitoka kwenye Norin 10, ngano iliyozalishwa na Gonjiro Inazuka katika kituo cha utafiti cha serikali huko Japani na kusajiliwa mwaka 1935. Orville Vogel, mtumishi wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, aliichanganya na ngano za kwao, kisha akampelekea Borlaug mbegu. Kila mmoja ana kitenzi chake.

Kwa marehemu wenu, tafuteni jambo moja alilofundisha mlieleze kwa hatua. Kama ni kukausha mahindi mpaka unyevu wa asilimia 13 kabla ya kuyaweka ghalani, semeni waliyapimaje, yalianikwa juu ya nini, na ukungu ulipunguaje. Hilo lina uzito kuliko "alikuwa mchapakazi" mara tano.

Jembe Butu:
Asanteni sana. Na mti? Wamependekeza mche wa tunda wa kubebeshwa, yaani kikonyo cha mti mmoja kilichounganishwa juu ya shina la mwingine.

Mtunza Miche:
Shimo la sentimita 60 kila upande, kina 60, lichimbwe wiki mbili kabla, si asubuhi ya shughuli. Udongo wa juu na wa chini msiuchanganye. Wa juu ndio unaotiwa debe moja au mawili ya samadi iliyooza kabisa. Mbichi huunguza mizizi.

Siku yenyewe mgeni rasmi huwa na haraka, na mche huweza kuingia shimoni na kiriba chake cha plastiki. Awepo mtu wa kukichana na kukata mizizi iliyojizungusha chini. Kiungo cha kubebeshea kibaki juu ya ardhi kama sentimita 15; kikifukiwa, hapo huweza kuoza. Matandazo yasiguse shina, acheni nafasi ya kiganja. Kiangazi cha kwanza, lita 20 mara mbili kwa wiki, na mwagiliaji awe mtu mmoja anayejulikana. Mti wa "sisi sote" hunyauka.

Kibao msikipigilie kwenye mti. Nguzo isimikwe kando, mita moja hivi, kabla ya kupanda, ili zege lisije likakata mizizi baadaye. Herufi zichongwe, maana rangi ya brashi hufifia juani. Na kabla fundi hajashika patasi, maneno yasomwe na mtu ambaye hakuyaandika, herufi moja moja: jina, cheo, tarehe.